Mwongozo kamili: kuchagua kipimo cha kuchonga silinda ya bodaboda ili pistoni isinoki tena

Haipiti wiki bila kijana kufika na silinda ndani ya kiroba na malalamiko yale yale. Imechongwa juzi ili iingie pistoni kubwa zaidi, imefungwa jana, leo imenoki: pistoni imekwama ndani. Wengine haijanoki, ila inatoa moshi wa bluu na kula oili kuliko ilivyokuwa kabla ya kuchongwa. Wote wametoa hela mara mbili, na kazi zimelala.

Nikichukua maikromita na kupima, karibu kila mara nakuta kosa moja. Silinda ilichongwa kwanza, pistoni ikanunuliwa baadaye. Mchongaji aliambiwa "nichongee hamsini", akachonga kufuata namba iliyo kichwani mwake, kisha mwenye pikipiki akaenda dukani kununua pistoni iliyoandikwa 0.50, yaani kubwa kwa nusu milimita kuliko ya awali. Vitu viwili ambavyo havijawahi kukutana vikalazimishwa kuishi nyumba moja.

Mwongozo huu ni wa injini ndogo zinazopozwa na upepo, zenye slivu ya chuma (bomba la ndani ambamo pistoni hupanda na kushuka), kama hizi zinazobeba abiria wa Dar es Salaam usiku na mchana. Vipimo vyote ni vya milimita.

## Andaa hivi kabla ya kwenda kwa mchongaji

- Maikromita ya 50 hadi 75, pamoja na kile kijiti chake cha 50 cha kuhakikishia sifuri.
- Geji ya saa ya kupimia ndani ya silinda. Kama huna, azima au lipia kupimiwa.
- Fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya.
- Sumaku ndogo na tochi.
- Kikwanguo cha gasketi, mafuta ya taa, brashi, sabuni ya unga, vitambaa vyeupe na oili safi.
- Gasketi mpya za juu na chini.
- Daftari na maka peni.
- Pistoni mpya na ringi zake. Hii inanunuliwa ukifika hatua ya nne, lakini lazima iwe mkononi kabla mashine haijagusa silinda.

Vania, ile rula yenye taya, haimo kwenye orodha, na sikuisahau. Vania ya kawaida inasoma kwa hatua za 0.02 au 0.05, na nafasi tunayoitafuta kati ya pistoni na silinda ni kama 0.03. Utapimaje kitu kwa rula ambayo mstari wake mmoja unakaribia kukimeza chote? Vania inafaa kupima urefu wa bolti.

## Hatua ya 1: Iulize pistoni ya zamani ilikufa kwa nini

Usiitupe. Ioshe kwa mafuta ya taa, iweke kwenye mwanga, uitazame.

Michubuko minne, kama pembe nne za sanduku, inakuambia nafasi ilikuwa finyu au injini ilipigwa mbio kabla haijapata moto. Mchubuko wa upande wa ekzosi peke yake unaelekeza kwenye joto: kabureta inatoa petroli kidogo, au mapezi ya kupozea silinda yamejaa tope. Ukikuta sketi ya pistoni, ubavu wake wa chini, imekuwa ya kijivu, haing'ai, na ina mikwaruzo midogo ya wima pande zote, hilo ni vumbi. Fungua kisanduku cha hewa. Kwa wanaokimbiza njia za vumbi za Chanika na Mbagala ndani, mara nyingi utakuta filta imechanika, au iliondolewa kabisa "ili ipumue".

Tikisa konrodi, ule mkono unaobeba pistoni, juu na chini pia. Ikicheza kwa kugonga, kuchonga silinda peke yake ni kupoteza hela.

Angalizo: ukichonga silinda bila kuondoa sababu, unainunulia sababu hiyo silinda nyingine ya kula.

## Hatua ya 2: Hakikisha inachongeka, kisha ipime

Pitisha sumaku ndani ya silinda. Ikinata, una slivu ya chuma na kazi inaendelea. Isiponata, silinda hiyo ni ya aluminiamu yenye tabaka gumu jembamba juu yake. Hiyo haichongwi kwa njia tunayoizungumzia hapa. Ukilikata tabaka hilo umeua silinda.

Sasa kwangua mabaki ya gasketi kwenye uso wa chini wa silinda mpaka ubaki chuma kitupu. Watu wengi hulipuuza hili, nami nalisisitiza, kwa sababu uso huo ndio unaokalia meza ya mashine. Kipande cha gasketi ya zamani chenye unene wa karatasi kinatosha kuinamisha silinda, na tundu litachongwa limeegama. Pistoni itapanda na kushuka ikisugua upande mmoja, na hakuna nafasi utakayochagua itakayoiponya.

Silinda ikishakuwa safi na imepoa, pima sehemu tatu: milimita 10 chini ya mdomo wa juu, katikati, na milimita 10 juu ya mdomo wa chini. Kila sehemu pima pande mbili, upande unaofuata pini ya pistoni (ile inayoishikiza kwenye konrodi) na upande unaoukata. Jumla vipimo sita. Viandike.

Hivi ndivyo inavyoonekana silinda iliyochoka ya injini ya muundo wa Honda CG ya cc 125, ambayo ikiwa mpya huanzia 56.50:

- Juu: 56.60 kufuata pini, 56.64 kukata pini
- Katikati: 56.57 na 56.58
- Chini: 56.52 na 56.53

Imelika zaidi juu, mahali ringi ya kwanza inapogeukia, kwa sababu pale moto ni mkali, oili ni kidogo na vumbi linafika kwanza. Imelika zaidi kwenye mkao unaokata pini, kwa sababu ndiko konrodi inakoisukumia pistoni.

Umefaulu ukiona: ukirudia vipimo sita baada ya nusu saa, kila kimoja kinarudi pale pale au kinatofautiana kwa 0.01 tu. Vikiruka ruka, mkono wako au geji bado havijatulia. Rudia.

## Hatua ya 3: Chagua saizi, ukikumbuka kugawa kwa mbili

Pistoni za kuongezea huja kwa hatua nne: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Shauku ya kila mtu ni kuchukua ndogo ili abaki na akiba ya kuchonga siku nyingine. Shauku hiyo ni ya busara, ila hesabu yake ina mtego.

Silinda ya mfano wetu imelika 0.14 mahali palipozidi. Mtu anasema, 0.14 iko chini ya 0.25, basi ishirini na tano inatosha. Lakini 0.25 ni ongezeko la kipenyo. Ukigawa kwa pande mbili, kisu kinaondoa 0.125 tu kila upande. Kama ule ulaji wa 0.14 wote uko ubavu mmoja, kisu kitapita hewani pale palipolika na kuacha kovu. Kwa silinda hii mimi naenda 0.50 moja kwa moja.

Kanuni ninayoitumia: chukulia ulaji wote uko upande mmoja, halafu tafuta saizi ambayo nusu yake inauzidi. Mikwaruzo ya kunoki ihesabu pia. Pitisha ukucha, ukikwama kwenye mkwaruzo, usidanganyike na saizi ndogo.

Ikiwa umefika 1.00 na bado haitakati, acha kuchonga. Badilisha slivu au silinda nzima. Kila hatua inapunguza unene wa ukuta, na ukuta mwembamba hupindika kirahisi ukipata moto.

Jua pia namba ya kuanzia ya injini yako. CG ya 125 ni 56.50, CG ya 150 ni 62.00, na Bajaj Boxer ya 150 ni 56.00. Pistoni za 56.00 na 56.50 zikiwa kwenye kaunta huwezi kuzitenganisha kwa macho.

## Hatua ya 4: Nunua pistoni, uipime, uiandike

Hapa ndipo kazi yote ilipo.

Namba 0.50 iliyogongwa kichwani mwa pistoni ni jina la saizi. Kipenyo halisi kipo kwenye maikromita. Mtengenezaji amekwisha kupunguza kidogo ili kuacha nafasi, na kila mtengenezaji anapunguza kwa kiasi chake. Kwenye kaunta moja ya Gerezani unaweza kupima pistoni tatu za 0.50 za injini ile ile na kupata 56.93, 56.97 na 56.99. Zote ni halali. Ila kila moja inataka silinda yake.

Angalia inavyokuwa kama silinda tayari imechongwa 57.00 kamili. Ya kwanza inapata nafasi ya 0.07, itagonga asubuhi ikiwa baridi na itakula oili. Ya pili inapata 0.03, iko sawa. Ya tatu inapata 0.01. Hiyo ndiyo inayonoki.

Ndivyo ilivyomkuta kijana mmoja wa Mbagala aliyeniletea silinda mwaka jana. Alichongewa kwenye karakana moja wakati yeye ameenda kutafuta pistoni. Akafunga, akawasha, ikalia vizuri. Alipofika Mtoni kwa Aziz Ally na abiria mgongoni, gurudumu la nyuma likajifunga. Nilipopima nilikuta silinda 57.00, pistoni 56.99. Mchongaji alichonga kile alichoombwa. Hakuna aliyempa pistoni.

Namna ya kupima:

Safisha pistoni, iache kivulini. Pistoni sio bomba la mviringo kamili. Kichwa ni chembamba kuliko sketi kwa sababu ndicho kinachochomwa na moto na kutanuka zaidi, na sketi yenyewe ni ya umbo la yai. Kwa hiyo mahali unapopima ndipo panapoamua jibu. Kwa injini nyingi za aina hii, pima milimita 10 juu ya ukingo wa chini wa sketi, maikromita ikikata pini kwa pembe mraba. Kama kitabu cha injini yako kinataja urefu mwingine, fuata kitabu.

Tumia kile kikoko kidogo cha nyuma cha maikromita kinacholia "krr krr krr". Kisikie kikilia mara tatu, kisha soma. Ukikaza kwa nguvu ya vidole unabana aluminiamu na kujipunjia 0.01, na hapa 0.01 ni mali. Pima mara tatu, chukua namba inayojirudia.

Kabla ya yote hayo bana kijiti cha 50 uone kama maikromita inasoma 50.00. Maikromita iliyowahi kuanguka sakafuni inadanganya bila aibu. Wenye karakana wanaotaka vifaa vyao vikaguliwe kwa kina, Shirika la Viwango (TBS) pale Ubungo wana maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo.

Ukimaliza, andika kipimo juu ya kichwa cha pistoni kwa maka peni: 56.97. Tangu sasa pistoni hiyo ina silinda yake, hata kama silinda bado haijazaliwa.

## Hatua ya 5: Chagua nafasi

Vitabu vya injini hizi za CG hutoa nafasi ya 0.010 hadi 0.040 kwa silinda mpya, na 0.10 kama kikomo cha kuchakaa. Ndani ya ukanda huo wewe ndiye unayechagua, na uchague ukijua pikipiki itaishi maisha gani.

Aluminiamu ya pistoni hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha slivu. Pistoni ya 56.97 ikipanda nyuzi 100 inaongezeka kama 0.11, wakati slivu peke yake inaongezeka kama 0.06, ingawa mapezi ya aluminiamu yanayoizunguka huivuta itanuke zaidi kidogo. Ndiyo sababu sketi ilitengenezwa umbo la yai na yenye kubonyea kidogo. Ile 0.03 uliyoipima baridi inakaribia kuisha injini ikishika moto, na kinachobaki katikati ni utando wa oili.

Sasa fikiria bodaboda ya hapa mjini. Jua la Februari, foleni ya Buguruni, abiria na mizigo yake, gia ya kwanza na ya pili kwa dakika ishirini, na silinda inayotegemea upepo haina upepo. Hiyo ndiyo hali ya kupangia, sio safari ya alfajiri barabara ikiwa tupu.

Uamuzi wangu ni huu:

- Bodaboda ya mjini yenye pistoni ya kawaida ya dukani: 0.035. Sishuki chini ya 0.03, sipandi juu ya 0.04.
- Pikipiki ya mtu binafsi, haibebi mizigo, pistoni halisi ya kampuni iliyotengeneza injini: 0.025 hadi 0.03.
- Kama kikaratasi cha ndani ya boksi la pistoni kinataja nafasi yake, fuata hicho, achana na mimi.

Kuna mafundi wenzangu wanaoacha 0.06 "kwa usalama", na nawaelewa, maana injini haitanoki mikononi mwao. Lakini pistoni yenye nafasi kubwa inayumba, ringi haikai wima ukutani, oili inapanda juu, na baada ya miezi michache mteja yuko tena barabarani na moshi. Usalama huo ni wa fundi, sio wa mwenye pikipiki.

Hesabu ya mwisho: 56.97 + 0.035 = 57.005. Hicho ndicho kipimo cha silinda yako.

## Hatua ya 6: Mpelekee mchongaji pistoni, silinda na karatasi

Usimwambie "nichongee hamsini". Andika kwenye karatasi, mistari mitatu:

Pistoni: 56.97
Nafasi: 0.035
Silinda ikamilike: 57.005

Mwachie na pistoni yenyewe, ili apime kwa maikromita yake. Hili lina maana kubwa. Maikromita yako ikiwa imepotoka kwa 0.01 na yake iko sawa, silinda itatoka na kosa. Akipima pistoni na silinda kwa vifaa vyake vile vile, upotofu unajifuta.

Mazungumzo yangu na mzee ninayempelekea kazi huwa mafupi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umeniletea nini?"

"CG, naomba hamsini. Pistoni nimepata tisini na saba."

Anaichukua, anaifuta kwa kitambaa, anaipima mwenyewe, ananitazama. "Tisini na saba. Nikuachie tatu na nusu?"

"Tatu na nusu, mzee."

Mchongaji anayeipima pistoni yako bila kuambiwa, usimwache. Anayekwambia "iache tu silinda, pistoni kaa nayo", chukua silinda yako uondoke kwa heshima.

Mwombe mambo mawili zaidi. Kwanza, kisu kiishie kama 0.05 kabla ya kipimo, hizo za mwisho ziondolewe kwa mawe ya kusugulia. Kisu kinaacha mifereji, mawe ndiyo yanayoweka ngozi ya silinda. Pili, kama ana bamba nene lenye matundu manne, alifunge juu ya silinda wakati wa kusugua, kwa sababu bolti za hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, zikikazwa huvuta silinda na kuibadilisha umbo kidogo. Wachache wanalo. Akiwa nalo, una bahati.

## Hatua ya 7: Subiri ipoe, kisha kagua

Silinda ikitoka kwenye mawe ina joto. Ikiwa imezidi nyuzi 20 juu ya hewa ya karakana, tundu lake limetanuka kwa kama 0.012. Ukipima hapo ukaona 57.005 na ukafurahi, ikipoa itakuwa 56.993, na nafasi yako ya 0.035 imebaki 0.023. Theluthi imepotea bila mtu kukosea kazi.

Kinyume chake hutokea kwa pistoni. Ukiiacha juu ya tanki la pikipiki juani wakati silinda iko kivulini, ikawa na nyuzi 15 zaidi, itaonekana nene kwa 0.017. Mchongaji ataifuata namba hiyo ya uongo na kukuachia tundu kubwa.

Viweke vyote viwili kwenye meza moja, kivulini, kwa saa nzima. Kunywa chai. Halafu pima.

Chukua vipimo sita kama mwanzo. Unataka vyote viwe kati ya 57.00 na 57.01, na tofauti ya juu na chini isizidi 0.01. Kisha angalia ukuta kwa tochi: mistari ya mawe ikatane kama ukindu uliosukwa kwenye mkeka, kwa pembe ya takriban nyuzi 45. Mistari iliyolala sana inashika oili nyingi, nayo itaungua. Iliyosimama sana inaiacha oili iteremke.

Umefaulu ukiona: pistoni bila ringi, ikiwa na oili kidogo, inashuka yenyewe polepole ndani ya silinda iliyosimama, ukiielekeza tu. Ikidondoka, imezidi. Ikihitaji kusukumwa, imebana. Jaribio hili ni la mkono, haliondoi kazi ya geji.

## Hatua ya 8: Pima mwanya wa ringi

Ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, karibu na chini. Pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Kwa silinda za 56 hadi 57, mwanya wa 0.15 hadi 0.35 ni mzuri. Ukiwa mdogo, piga tupa taratibu kwenye ncha, ukisukuma tupa kuelekea ndani ya ringi tu. Ncha zikikutana injini ikiwa na moto, ringi haina pa kwenda. Inachimba ukuta au inakatika. Ukikuta umezidi 0.50, uliuziwa ringi za saizi nyingine. Zirudishe.

## Hatua ya 9: Osha kwa sabuni na maji

Wengi huosha kwa petroli na kufunga. Petroli inaondoa mafuta lakini inayaacha mavumbi ya mawe yamejikita kwenye mistari, na mavumbi hayo ni msasa kamili unaoufunga ndani ya injini ya mteja.

Tumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu. Sugua, suuza, sugua tena. Futa kwa kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka na weusi, rudia. Nimewahi kurudia mara sita kwa silinda moja.

Kikitoka cheupe, kausha na paka oili papo hapo. Kwa unyevu huu wa pwani, chuma kitupu kinaanza kuonyesha kutu hata chai haijapoa.

## Hatua ya 10: Funga, kisha izoeshe

Mshale au alama iliyo kichwani mwa pistoni ina maana. Mshale kwa kawaida huelekea ekzosi, maandishi ya IN huelekea upande wa kabureta. Herufi kwenye ringi zitazame juu. Mianya ya ringi igawanywe pembe tatu, isipangane. Klipu za pini ziwe mpya. Klipu ya zamani ikichomoka itachora silinda yako mpya kutoka juu hadi chini.

Weka oili mpya, 20W-50 kwa nyingi ya injini hizi. Kaza hedi kwa mshazari, kidogo kidogo.

Iwashe, isikae sailensi (ikiunguruma taratibu imesimama) muda mrefu. Ringi zinahitaji msukumo wa moto ili zishike ukuta, na injini inayonguruma imesimama haipati msukumo wala upepo. Zunguka nayo dakika kumi taratibu, kisha iache ipoe kabisa, uweze kuishika silinda kwa mkono. Rudia mara tatu.

Kilomita 50 za kwanza usibebe mtu. Mpaka kilomita 500, usifungue mafuta mpaka mwisho na usiikokoteshe kwa gia kubwa. Badilisha mwendo mara kwa mara. Mimi humwaga oili kwenye kilomita 100 na tena kwenye 500. Ile ya kwanza utaiona inameremeta kwa chembe za chuma ukiitazama juani. Hiyo ni kawaida. Ya pili ikimeremeta vile vile, simama utafute sababu.

Ukigundua injini inapungua nguvu yenyewe ukiwa mwendoni, vuta klachi wakati huo huo, zima, sogea pembeni. Usijaribu kuifikisha nyumbani. Pistoni iliyogusa ukuta kidogo inaweza kuokolewa, iliyolazimishwa kilomita moja zaidi haiokoki.

Umefaulu ukiona: kwenye kilomita 500 hakuna moshi wa bluu asubuhi wala ukiachia mafuta baada ya mwendo; kiwango cha oili kimebaki karibu pale pale; plagi ina rangi ya kahawia kama udongo mkavu; na ule mgongano wa pistoni ikiwa baridi hausikiki, au unasikika kwa sekunde chache tu kisha unanyamaza.

Ile karatasi ya mistari mitatu iweke kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya pikipiki. Fundi atakayeifungua tena, hata kama ni baada ya miaka mitatu, ataanza kazi akiwa na 57.005 mkononi.